Kwenda na Kurudi

Tembea uone, watu husema. Mimi na mume wangu tulitembea, na tuliona ya kutosha. Mara ya kwanza nilivuka mpaka wa Uganda nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Mara ya pili nilivuka mtoto wangu mwenyewe akiwa mgongoni mwangu, na kutoka hapo tukasukumwa mpaka Kitale, Kenya, ambako tulikaa miaka mingi hadi watoto wetu wakawa wanaota ndoto kwa Kiswahili. Mtu akisikia miji tuliyopitia atadhani sisi ni matajiri wanaopenda kutalii. Lakini katika safari zote hizo hakuna hata moja tuliyoipanga, na hakuna mlango hata mmoja tulioufunga tukarudi kuufungua.

Ndiyo maana uhuru ulipokuja, na sisi tumesharudi Juba na kupata nyumba ndogo Sherikat, ng'ambo ya daraja, mume wangu alitangaza kwamba akistaafu tutasafiri. Alikuwa karani wa serikali, mtu wa stoo, na alikuwa na tabia ya kutangaza mambo akiwa amesimama.

"Tutasafiri kama watu," alisema. "Kwenda na kurudi."

"Kwenda wapi?"

Akanionyesha kalenda aliyotoka nayo ofisini, ya kampuni moja ya saruji. Mwezi wa nane ulikuwa na picha ya maporomoko makubwa ya Mto Zambezi, maji yanamwagika na upinde wa mvua juu yake.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Mto Nile unapita karibu na mlango wetu, msimu wa mvua unataka hata kuingia ndani, na huyu mzee anataka kulipa nauli ya ndege akaangalie maji! Lakini alikuwa na sababu, na sababu yake ilinifunga mdomo, jambo lisilotokea mara nyingi. Alisema huko hatujawahi kuwa wakimbizi. Hakuna kambi tuliyolala huko, hakuna ndugu wa kutupokea akilia, wala hakuna askari tuliyemwonyesha karatasi huku tukitetemeka. Alitaka, kabla hajafa, afike mahali ambapo hakuna mtu angemuuliza amekimbia nini.

Basi tukaanza kuweka akiba. Yeye alitoa katika mshahara, mimi nikatoa katika cherehani yangu, maana nilikuwa nashona sare za shule na magauni ya harusi kwenye kibaraza changu. Tulitumia kopo la maziwa ya unga, nikalificha ndani ya gunia la vipande vya vitambaa. Mwezi uleule wa uhuru mume wangu akaenda mjini na kurudi na sanduku la safari, la buluu, lenye magurudumu. Magurudumu Sherikat! Barabara yetu ina mashimo ambayo mbuzi huzaliwa humo. Tukaliweka juu ya kabati, na kila Jumamosi alilishusha akalipangusa vumbi.

Jirani yangu wa karibu alikuwa mama mmoja Mganda mwenye duka la sukari, sabuni na kila kitu, ukuta kwa ukuta na kibaraza changu. Alikuwa mama mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Nilipomweleza habari ya kopo alinyanyua mikono juu.

"Mama, mimi iko naambia wewe vizuri. Weka dola. Hii pauni bado mtoto, hapana jua kutembea."

Nilijua anasema kweli. Mwenye duka huona pesa inavyougua kabla ya daktari. Nikampelekea mume wangu habari ile, naye akakasirika mno. Pesa yetu wenyewe, alisema, yenye jina la nchi yetu wenyewe! Maisha yake yote ametumia pesa za watu wengine, leo amepata yake halafu aikimbie? Watu waliozaliwa na nchi yao wangecheka. Sisi tulioipata uzeeni tuliipenda hadi noti zake. Nikaendelea kuweka pauni, kwa sababu na mimi nilizipenda. Zilikuwa mpya, hazijakunjwa, na zilinukia wino.

Kisha Desemba moja, Krismasi ikikaribia, vita vikaanza. Si vita vya kule mbali kwenye redio, ni vya Juba yenyewe, milio ya bunduki ng'ambo ya daraja asubuhi hadi jioni. Mtaa wetu ukafunga virago. Mama Mganda alipata lori la kwenda Nimule mpakani, akatuwekea nafasi mbili, akaja kugonga mlango akilia. Watoto wetu, waliobaki Kitale, walipiga simu wakituamuru tuondoke. Na nauli ilikuwapo, ndani ya kopo.

Mume wangu akalikalia kopo. Sisemi kwa mafumbo, alilikalia, kama kuku.

"Hii ni pesa ya kutembea," alisema. "Si pesa ya kukimbia. Kama ni kukimbia, tafuta pesa nyingine."

Nilimtukana kwa lugha tatu. Nilimwambia atazikwa na kopo lake. Niliogopa sana, naweza kusema hivyo bila aibu, mikono yangu haikuweza hata kutunga uzi. Lakini lori liliondoka, nasi tukabaki, tukalala sakafuni siku hizo zote tukila biskuti za dukani kwa jirani, alizotuachia na kukataa malipo. Milio ikapungua, na sisi tukawa wazima. Sijui kama ilikuwa busara au ni bahati. Mume wangu anasema busara.

Watu walianza kurudi mmoja mmoja. Mama Mganda naye alirudi baada ya miezi, akafungua duka lake na kutukuta palepale tulipokuwa. Na hapo ndipo ilipoanza imani moja ya ajabu mtaani petu. Kwa kuwa hatukukimbia, na kwa kuwa mume wangu alikuwa mtu wa serikali, watu waliamua kwamba sisi tunajua. Redio hawakuiamini, wala wanasiasa. Walituangalia sisi. Kukiwa na uvumi, mtu angepita kibarazani kwangu akijifanya ana suruali ya kushona, kumbe anataka kuona kama kichwa cha cherehani bado kiko juu ya meza yake. Mshonaji akikimbia hung'oa kichwa na kuacha miguu ya chuma, kila mtu anajua hivyo. Changu kimevuka mipaka zaidi ya balozi. Wakikiona mahali pake walikwenda zao wamepumua. "Wale wazee wakiondoka," nilimsikia mjane wa nyumba ya mbele akisema, "basi, kalas, kumekwisha."

Tukaendelea kuweka akiba. Akiba haiozi, wahenga walisema, lakini wahenga hawakupata kuishi na pauni ya Juba. Kila mwaka kopo lilijaa zaidi na kununua kidogo zaidi, hadi ikabidi tutafute kopo la pili, na mume wangu akafurahi kuona makopo mawili. Sikuwa na moyo wa kumwambia. Mama Mganda alinitazama tu akatikisa kichwa, wala hakuwahi kusema "si nilikuambia", na kwa hilo namheshimu hadi leo.

Hatimaye mume wangu akastaafu. Walimpa soda na hotuba, mshahara wa miezi ya nyuma wakamuahidi. Kesho yake alivaa tai, akafunga makopo kwenye mfuko, tukavuka daraja kwenda mjini kwa wakala wa tiketi. Kwenye kaunta tulimkuta binti mmoja aliyekulia Nairobi, mtoto wa watu wetu, anayeongea kama Nairobi yote imo mdomoni mwake. Mume wangu akaweka mezani picha ya kalenda, na kando yake noti zetu, mlima mzima.

Binti aliangalia picha, akaangalia noti, akaangalia tai ya mzee. Nikaona amekuwa na huruma, na huruma ya mtoto inauma kuliko dharau.

"Aki mzee, pole. Hii doo yote ni ya basi tu. Inawafikisha Nimule. Wawili, kwenda peke yake."

"Sitaki kwenda peke yake," mume wangu akasema. "Nataka kwenda na kurudi."

Yule binti, ili kupoza mambo, akajaribu kutania. "Kwenda na kurudi, na lunch ndani? Basi hapo labda Rejaf."

Rejaf iko kusini kwetu, ukingo uleule wa mto, karibu hata harufu ya samaki wake hutufikia. Nilitaka kulia. Nimeshona sare za watoto wa watu hadi macho yakaingia ukungu, na malipo yake ni Rejaf! Nikamgeukia mume wangu nikijua nitamkuta amevunjika.

Alikuwa anakusanya noti zake, taratibu, anazipanga.

"Kalas," akasema. "Rejaf."

Nilidhani ni hasira. Njia nzima nilimngoja aseme neno lingine. Lakini tulipofika nyumbani alishusha lile sanduku la buluu kutoka kabatini, na Ijumaa yote alipakia. Alisema hakuna aliyetuahidi umbali, sisi wenyewe tulijiahidi kwenda na kurudi. Nikamwuliza kwenda Rejaf asubuhi na kurudi jioni kunahitaji sanduku la nini. Akanijibu kwamba sanduku limengoja miaka yote hii na yeye hatalidanganya.

Jumamosi asubuhi raksha tuliyoikodi, kile kigari cha magurudumu matatu, ikasimama mbele ya mlango. Mimi nilivaa kitenge kipya nilichojishonea, mume wangu suti na tai. Akatoka na sanduku. Akafunga mlango, akausukuma kuhakikisha, akatia ufunguo mfukoni.

Nikageuka. Mama Mganda alikuwa amesimama mlangoni pa duka, kijiko cha kupimia sukari kiko hewani, na sukari inamwagika chini bila yeye kuona.

Aliingia ndani na nikasikia shata la chuma la duka likishuka. Mjane wa mbele akaona shata limeshuka, akaona sanduku, akapiga kelele moja tu. Na sisi tumesimama pale kama sanamu, mtaa mzima ukaanza kufungwa. Magodoro yalitoka milangoni yamesokotwa, kuku wakakamatwa wakipiga mayowe, mbuzi wakafungwa kamba. Hata dereva wa raksha akawasha injini.

"Mzee, ngoja hapa. Nakwenda chukua bibi na watoto yangu, halafu tunakwenda wote."

"Kwenda wapi?" mume wangu akauliza.

"Kule wewe nakwenda!"

Nilikimbilia katikati ya barabara. Nina sauti mimi, na siku ile niliitoa yote. Niliwaambia hakuna vita, tunakwenda Rejaf kutembea. Hakuna aliyesimama. Kutembea! Nani hutembea na sanduku Juba?

Basi nikalilaza lile sanduku mavumbini, nikalifungua mbele yao. Ndani mlikuwa na pajama za mume wangu, mpya, zenye mistari. Taulo. Chupa ya chai. Miwani ya jua. Kamera ya kuazima. Biskuti. Watu wakasogea, godoro kichwani, wakachungulia kama wanaomwangalia maiti.

Mama Mganda alitoka kwa mlango wa nyuma akapenya hadi mbele. Alikuwa amekasirika, na machozi yanamlenga.

"Makaratasi iko wapi?"

Lilikuwa swali la mtu anayejua. Anayekimbia huacha hata viatu, lakini kadi za ubatizo na vyeti vya shule huvibeba. Nilimwambia makaratasi yako ndani, kwenye mfuko wa nailoni juu ya dari. Akaniangalia. Bado hakuamini. Na mimi nilijua ni kitu gani tu kingeaminika.

Nikamnyang'anya mume wangu ufunguo, nikafungua, nikang'oa kichwa cha cherehani. Mtaa ulipokiona kinatoka nilisikia mtu analia. Lakini sikukibeba kwenye raksha. Nilikiweka mikononi mwa mama Mganda. Kizito kile, aliyumba.

"Kaa nacho," nikamwambia. "Nikiwa sijarudi jioni, ni chako."

Akakikumbatia kile chuma kifuani, akaniuliza polepole, "Jioni, mama? Wewe nasema kweli?"

"Kabla ya giza."

Mume wangu akafunga mlango tena, mara hii kwa uangalifu zaidi. Tukapanda. Magodoro hayakurudi ndani, lakini hakuna aliyeondoka. Walikaa juu ya mizigo yao wakitutazama tukienda.

Rejaf ilikuwa nzuri. Naisema hivyo kwa sababu nilikwenda nimeazimia kuichukia. Tulitembea kuzunguka kanisa la kale la wamisionari, la matofali mekundu, na mume wangu akalieleza kama kiongozi wa watalii ingawa hajui lolote. Tulinunua samaki moja kwa moja kutoka mtumbwini, mwanamke mmoja akatukaangia na kutusongea asida, ugali wa kwetu, tukala hadi tukafungua vifungo. Kisha mume wangu akaenda nyuma ya kichaka na kurudi amevaa pajama. Alisema watu wakiwa safarini hupumzika baada ya chakula. Akajilaza kwenye majani ukingoni, suti imekunjwa vizuri juu ya sanduku, wavuvi wanamcheka, naye anawapungia mkono.

Pale kuna mawe mtoni, na maji yakiyafikia huchemka kidogo na kutoa povu.

"Maporomoko," alisema.

"Madogo," nikasema.

"Lakini maporomoko."

Nikampiga picha. Ninayo hadi leo, mzee wa pajama za mistari na povu nyuma yake. Mwezi wa saba mwaka uleule, vita viliporudi kweli na sote tukatawanyika, nilichukua kichwa cha cherehani, makaratasi, na picha hiyo. Lakini siku ile nilikuwa sijui, na nilikuwa na furaha. Nililala kwenye majani nikasahau kabisa kwamba kuna mtu ananingoja.

Mume wangu akavaa tena suti na tai, tukaondoka jua lingali juu. Katikati ya njia raksha ikapata pancha, na spea ya dereva nayo ilikuwa imekufa. Tukangoja mtu wa kutusaidia, hakupita. Jua likaanza kushuka nyuma ya mto, nami nikauona mtaa wetu akilini. Niliwaona wamekaa juu ya magodoro yao, wanaangalia barabara, wanaangalia jua. Giza likiingia bila sisi, wangeondoka wote, usiku, na watoto. Kwa ajili ya pajama!

"Vua tai," nikamwambia mume wangu. "Tunakwenda kwa miguu."

Tulitembea, halafu tukaanza kukimbia. Wazee wawili, mimi kitenge nimekikunja hadi magotini, yeye sanduku kichwani kwa maana magurudumu yalishindwa hatua ya kwanza. Maishani mwangu nimekimbia sana na sanduku, na furushi, na mtoto. Nikahema, jasho likinitoka, na ghafla nikaanza kucheka hadi nikaumwa na mbavu. Mume wangu akauliza nacheka nini. Nikamwambia, "Mzee, tunakimbia kwenda nyumbani."

Naye akacheka, na sanduku nusura limwangukie.

Tulipokaribia kona ya mtaa nikamshika mkono nikamzuia. Wakituona tunakimbia, nikamwambia, itakuwa balaa lingine. Tukasimama tukajifuta jasho. Akavaa tai yake. Nikashusha kitenge, nikapitisha mkono wangu kwenye wake, na tukaingia polepole, tunapepesuka kwa uchovu, kama watu waliotoka matembezini.

Walikuwa wote palepale. Mama Mganda alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya duka lililofungwa, kichwa cha cherehani mapajani mwake, amekifunika kwa leso yake kukikinga na vumbi. Alitutazama tukija hadi tukamfikia kabisa.

"Nyinyi amerudi," alisema.

"Tumerudi."

"Kweli hakuna kitu?"

"Kuna samaki," mume wangu akasema, akampa wawili aliowafunga kwenye taulo.

Mjane wa mbele akaanza kufungua kamba za godoro lake. Kisha nyumba ya pili, na ya tatu. Kuku wakaachiliwa wakakimbia huku na huku kama waliofunguliwa jela. Shata la duka likapanda, na mtu akaomba sukari ya chai kwa mkopo.

Mume wangu hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa mbele ya mlango wetu na ufunguo mkononi. Aliuingiza, lakini hakuugeuza, akabaki amesimama, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilimwacha alie. Nilijua analia nini. Halafu akageuza, mlango ukafunguka, na ndani kila kitu kilikuwa pale tulipokiacha.

Akaingiza sanduku. Mimi nikaenda kwa jirani kuchukua kichwa changu cha cherehani.